Mashine Mpya, Dhana Mbaya



Sisi tunaoandika ni ndugu wawili wa tumbo moja, wazaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, ambao ndoa na riziki zilituleta Nairobi. Mmoja wetu anakaa Makina, Kibera, miongoni mwa Wanubi, ambao wazee wao walikuwa askari wa King's African Rifles na ndio walioupa mtaa huu jina lake, kwani kibra kwa Kinubi ni msitu. Mwingine anakaa Kawangware, mtaa ambao wengi huutaja kwa nambari ya matatu yake tu, 46. Kwa kawaida sisi ni wasomaji wa jarida hili, si waandishi. Wiki hii tumeshika kalamu kwa sababu tunadaiwa neno, na deni hilo lilianzia kwenye kompyuta.

Baada ya Ramadhani ya mwaka jana tulipata zamu yetu katika chama, tukaazimia kuacha kukodi mashine ya watu. Tuna kiduka cha kuchapia pale Makina. Akina mama hutujia na barua za shule, na maombi ya eCitizen, na hesabu za KRA ambazo lazima ziingie kabla ya Juni 30 kupita. Na tangu Oktoba 2024, SHA ilipochukua nafasi ya NHIF, wengi huja na kitambulisho mkononi wakitaka tuwaangalizie kama wamesajiliwa. Kwa fedha tulizokuwa nazo, kompyuta nzima madukani zilikuwa kuukuu zilizopanguswa vumbi. Kijana mmoja wa jirani, aliyesomea elektroniki, akatushauri tununue vipande vipya, naye angetuunganishia kwa shilingi 3,000.

Tukashuka mjini, Luthuli Avenue, tukiwa na orodha aliyotuandikia. Kasha, mazabodi, prosesa, pawa saplai ya wati 500, diski ya SSD, na RAM mbili za gigabaiti 8 kila moja. Vyote tulivipata duka moja, isipokuwa RAM ya pili, ambayo tuliiona duka la mbele kwa bei iliyopungua shilingi 600. Maandishi ya lebo yalifanana, 8 na 8, 3200 na 3200. Tukainunua huko, tukarudi nyumbani tukijisifu kwamba binti wa Mombasa haibiwi Nairobi.

Kijana aliunganisha mashine juu ya mkeka wetu baada ya sala ya Isha. Ikawaka mara ya kwanza. Watoto walishangilia, nasi tukafukiza ubani.

Siku ya nne ikazima. Ilizima kama mtu aliyekatwa kauli katikati ya sentensi, kisha ikajiwasha yenyewe. Siku ya sita ikatoa skrini ya buluu yenye maneno ya Kiingereza. Siku ya saba ikatoa skrini ya buluu yenye maneno mengine. Baadhi ya siku ilifanya kazi tangu asubuhi hadi Magharibi bila hata kukohoa, tukasema imepona, na kesho yake ikaanguka mara tatu kabla ya adhuhuri. Laiti ingekufa moja kwa moja tungejua la kufanya. Kitu kinachoharibika kwa zamu humfanya mwenye nacho aamini kila anachoambiwa.

Tuliambiwa ni umeme, na ilikuwa rahisi kuamini. Taa zetu jioni hufifia majirani wote wanapopika na kupasha maji, na mita ya fundi wa stima ilisoma volti 198 pale ambapo kwa kawaida ya Kenya pangepaswa kuwa 240. Tena ndani ya Windows mna daftari la matukio, na humo tulikuta tukio namba 41 limerudiwa ukurasa baada ya ukurasa, likiwa na neno la nguvu za umeme katika jina lake. Basi tukanunua UPS, ile betri ya akiba, kwa pesa za karo ya muhula uliofuata. Hatukujua wakati huo kwamba namba 41 husema tu kuwa mashine imewaka tena bila kuzimwa kwa utaratibu, na sababu yake haielezi. Wala hatukuisoma lebo ya pawa saplai yenyewe, iliyoandikwa wazi kwamba inastahimili volti 100 hadi 240. UPS ikakaa, taa yake ya kijani ikiwaka kwa utulivu, na kompyuta ikaanguka mbele yake.

Ndipo likatokea la mjane. Mama huyu alikuwa na dai la mirathi katika Mahakama ya Kadhi, na alitaka tumchapie maelezo yake: watoto, nyumba, vyumba vya kupangisha, madeni ya marehemu, nani alilipa nini. Alikaa karibu nasi siku mbili akisimulia, na mara nyingine alinyamaza kwa muda tukamsubiri. Tulikuwa tumefika ukurasa wa 14, na picha za hati zake tumezipiga skani zote, mashine ilipozima. Ilipowaka, faili lilifunguka likiwa limevurugika, na nakala iliyosalimika iliishia ukurasa wa 3. Alituuliza, kwa sauti ya chini, kama ni lazima asimulie tena kuanzia mwanzo. Ilikuwa lazima.

Kwa aibu ile tukamwita fundi mwingine. Alifungua kasha, akashika RAM moja, akaigeuza kwenye mwanga, akasema, "Hii si mpya. Mmebadilishiwa." Hakupima chochote. Alichukua 500 yake akaenda. Nasi tuliotaka sana kumpata wa kulaumiwa tukawa tumempata.

Jumamosi ile chama kilikutana Kawangware, nyumbani kwa mmoja wetu. Tulikuwa wanawake 13 pamoja na sisi. Mazungumzo yalipofika kwenye kiduka, tukasema yule kijana alichukua RAM yetu mpya akatuwekea kuukuu. Hatukusema "tunadhani". Tulisema kama watu walioona. Aya ya 12 ya Suratul Hujurat, ile ya kukataza dhana na kusengenya, tuliihifadhi chuoni tukiwa wasichana, lakini siku ile haikutujia hata kidogo. Hatutasema ni yupi kati yetu aliyeanza, maana wa pili hakumnyamazisha.

Neno hilo lilifika Makina kabla yetu. Na halikufika bure: mmoja wa wale akina mama ana shemeji anayesimamia madrasa, ambaye alikuwa ameshakubaliana na kijana amtengenezee kompyuta nne za wanafunzi. Kazi ile ilivunjwa kwa simu ya dakika moja.

Kijana alikuja siku mbili baadaye. Alisalimu, akakaa karibu na mlango.

"Mama, nimesikia mliyoyasema. Sikuja kuteta. Naomba wiki mbili, na mniandikie kila inapoanguka."

"Tukuandikie nini, mwanangu?"

"Saa ngapi, mlikuwa mmefungua nini, na skrini ilisema nini. Na msibadilishe vitu viwili kwa pamoja. Tukibadilisha viwili ikapona, hatutajua ni kipi kilichoponya."

Maneno haya ni mepesi, lakini sisi tulikuwa tumenunua UPS, tukaweka Windows upya, tukasafisha feni na kuhamisha meza, yote katika siku nne.

Jambo la kwanza alilotaka ni mashine itoke Kibera. Tuliifunga kwa leso mbili, mmoja wetu akaipakata juu ya bodaboda kama mtoto mgonjwa, tukafuata Ngong Road hadi Dagoretti Corner na kushika Naivasha Road mpaka Kawangware. Huko umeme ni wa laini nyingine, na mita ilisoma 236 mchana na usiku. Mashine ikaanguka siku ya pili. Umeme wa Makina, pamoja na dhambi zake nyingine zote, ulikuwa hauna hatia hapa.

Daftari nalo likaanza kusema. Saa za kuanguka hazikuwa na mpangilio wowote, asubuhi au usiku. Lakini kila ilipoanguka palikuwa na kazi kubwa, yaani picha za skani zikiwa zimefunguliwa nyingi, au video ya mtoto ikicheza nyuma ya kazi yetu. Siku za barua fupi ilipita salama. Na skrini za buluu tano tulizonakili zilikuwa na maneno ya aina nne. Kijana alisoma ukurasa ule mara mbili, akasema kwamba programu mbovu mara nyingi hurudia kosa lilelile, lakini kumbukumbu ikiyumba, makosa hutokea popote panapoguswa, na kazi kubwa hugusa mahali pengi.

Akaleta flashi yenye programu iitwayo MemTest86. Hii huamsha kompyuta bila Windows, kisha huandika katika kila chumba cha kumbukumbu na kusoma tena, ili ione kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa. Kwa RAM zote mbili, makosa yalianza kuonekana kabla ya saa moja kupita. Tukatazamana. Tulidhani sasa mwizi atajulikana.

Akatoa moja, akaacha ile ya kwanza peke yake usiku kucha. Asubuhi, baada ya Alfajiri, tulikuta hakuna kosa hata moja. Usiku uliofuata akaweka ya pili peke yake. Hakuna kosa. Akaihamisha kwenye tundu la mwenzake, asije akahukumu RAM kwa kosa la tundu. Hakuna kosa. Akazirudisha zote mbili pamoja, makosa yakarudi.

Wanaojua kutwanga wataelewa upesi. Weka wanawake wawili kwenye kinu kimoja, kila mmoja na mchi wake. Kila mmoja akiwa peke yake hutwanga vizuri, hata kwa kasi. Wakiwa wawili nao hutwanga vizuri, kwa mwendo wa wastani. Lakini waambie waende mbio sana, na kila mmoja amezoea mdundo wake, michi itagongana. RAM zetu zilikuwa na kasi moja kwenye lebo, ila zilitoka viwanda tofauti, na mwendo wa ndani wa kila moja haukulingana na wa mwenzake. Katika menyu ya mazabodi, ile inayofunguliwa kabla Windows haijaamka, kijana alikuwa amewasha mpangilio wa XMP ili zikimbie 3200 kama lebo zilivyotangaza. Alikiri hapohapo: "Hapa nilikosea. Niliamini lebo, sikupima." Akashusha hadi 2666. Tukapima siku mbili mchana na usiku. Hakuna kosa.

Kisha akauliza, kwa upole tu, kwa nini RAM zilikuwa za viwanda viwili, maana kwenye orodha yake aliandika pea moja. Mmoja wetu akaenda kabatini akatoa bahasha ya risiti. Maduka mawili. Tofauti ya shilingi 600. Namba za kwenye lebo za RAM, tarakimu kwa tarakimu, ni zile zilizoandikwa kwenye risiti zetu. Zote mbili zilikuwa mpya, na zote mbili tulizileta sisi kwa mikono yetu.

Hakusema kitu. Alifunga kasha, akakaza skrubu nne, akakataa malipo ya wiki mbili zile. Chai alikunywa.

Mjane alirudi akasimulia tena. Safari hii tulihifadhi kila ukurasa tulipoumaliza, na nakala tukaweka kwenye flashi aliyoondoka nayo yeye mwenyewe. Karatasi zake zilifika mahakamani kwa wakati, alhamdulillah. Kompyuta haijaanguka tangu siku ile. Kwa kasi ya 2666 hatujaona kuchelewa kokote katika barua na fomu zetu.

Jumamosi iliyofuata tulisimama mbele ya chama, palepale Kawangware, tukaeleza yote pamoja na risiti. Waliokuwapo walikuwa wanane. Watatu hawakuja siku hiyo. Wawili tuliwafuata kwa miguu, mmoja Gatina na mwingine karibu na soko, tukawaeleza mlangoni. Wa tatu tulimkosa. Huyo ndiye dada mwenye shemeji wa madrasa. Alikuwa amekwisha kuhamia pwani na familia yake, na nambari yake ya simu haipatikani tena. Madrasani tulikwenda wenyewe, tukaambiwa msimamizi hatabadilisha uamuzi mpaka asikie kwa shemejiye, kwani kwake yeye sisi ni wageni.

Tunajua dada huyo husoma jarida hili, kwa sababu ni yeye aliyetuonyesha mara ya kwanza. Dada yetu, kijana hakubadilisha RAM. Zile zilizomo ndani ya mashine ni zilezile tulizonunua, na risiti tunazo. Kompyuta nne za madrasa bado hazijatengenezwa. Tafadhali mpigie shemeji yako.