Kompyuta Haikosei?

Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa. Wasomaji wapendwa, hata programu ya kompyuta imeundwa na mtu, na mtu hukosea.

Baba yangu hufanya kazi ya usiku katika kiwanda kimoja hapa Industrial Area. Mwezi mmoja alipunjwa mshahara. Karani akamwambia eti kompyuta haikosei. Nikaisoma ile karatasi ya malipo. Baba huingia saa nne usiku, kompyuta huandika 22. Hutoka saa kumi na mbili asubuhi, huandika 6. Programu inatoa 22 kwa 6, inapata masaa −16!

Sarufi ya programu hiyo ni sawa, kama vile "Meza imemla mwalimu" ilivyo sawa kisarufi. Kasoro iko kwenye maana. Mwaka wa 1977, Patrick Cousot na Radhia Cousot wa Ufaransa walieleza jinsi ya kuchunguza maana ya programu bila kuiendesha kwa kila namba. Mathalani, unatazama tu ipi ni ndogo na ipi ni kubwa: namba ndogo ukiitoa kubwa, jibu ni hasi. Masaa ya kazi hayawezi kuwa hasi, kwa hivyo programu irekebishwe: saa ya kutoka ikiwa ndogo, ongeza 24. Basi 30 − 22 = 8. Kwa saa za Kiswahili ni rahisi zaidi: 12 − 4 = 8!

Baba alimpelekea karani hesabu hiyo. Pesa bado hajapata, lakini hakuna tena anayemwambia kompyuta haikosei.

Wanachama wenzangu, tusikariri ngeli tu. Tuulize maana pia.