Picha ya mama haiko

Sisi mume na mke tuko na albamu nzito ya ndoa yetu, lakini picha ya mama aliyemzaa bibi arusi haimo. Siku ile alikuwa nyuma ya sale, kwenye masufuria, akipakua bugali ya wageni. Mpiga picha hakumjua, na sisi hatukumwambia. Miaka miwili baadaye tulimzika. Picha tuliyoweka juu ya sanduku tuliitoa kwenye kadi yake ya uchaguzi, tukaikuza mpaka uso ukafifia.

Kwa hiyo ninyi mnaojiandaa, andikeni mapema majina ya watu wa kupigwa picha, na dada mmoja apewe kazi ya kuwaita, hata walio jikoni.

Mengine ni madogo. Sisi tulipiga saa sita, jua la Bukavu likiwa utosini: macho yote yana kivuli, gauni inang'aa, nyuso zimekuwa giza. Saa kumi, pembeni ya Ziwa Kivu, mwangaza umeshapoa. Lakini saa kumi na mbili giza linaingia, basi msichelewe komine. Mvua ikinyesha, baraza inatosha. Na poda ilingane na ngozi yako. (Yetu ilitufanya tufanane na watu wa kwenye mashine ya unga.)

Jumamosi ijayo mdogo wetu anafunga ndoa. Jina la kwanza kwenye karatasi yake ni la shangazi atakayepika.