Barua Iliyochelewa Kusema

Tulipotoka seminari kuja kufundisha Dilolo, tulijiona mabingwa wa maneno. Mama mmoja akatuomba tumwandikie mwanawe, mfanyakazi wa Kolwezi: “Baba yako mgonjwa sana, njoo upesi.” Tukajaza kurasa tatu za salamu na methali, habari yenyewe tukaiweka mwishoni. Kijana alisoma ukurasa wa kwanza, akaikunja barua aimalize Jumapili. Aliposhuka garini, baba alikwisha zikwa.

Mama hakutulaumu, sisi twajilaumu. Shaaban Robert aliona insha yahitaji kufundishwa, akatoa Kielezo cha Insha mwaka 1954. Nasi twawafundisha wanafunzi: salamu moja yatosha, neno kuu lifuate, lisilo na kazi lifutwe. Uzuri wa maneno ni kufika kwa wakati.