Junnar: Bonde la Miwa, Chui na Pampu Zipigiwazo Simu

Msafiri atokaye katika mji wa Pune, magharibi mwa nchi ya India, akashika barabara kuu iendayo kaskazini hadi Nashik, hupita kwanza katikati ya viwanda na maghala. Baadaye mji humwacha, na nchi yenye udongo mweusi hutandazwa mbele yake. Baada ya kilomita 75 hivi hufika Narayangaon, mji mdogo wenye soko kubwa la nyanya. Hapo huiacha barabara kuu, akageukia upande wa magharibi kuelekea milimani, na mwendo wa kilomita 15 humfikisha Junnar.

Junnar ni mji wa kale. Juu yake imesimama ngome ya Shivneri, mahali alipozaliwa Shivaji, mfalme shujaa wa Wamaratha, mwaka 1630. Askari yeyote aitazamaye ngome hiyo hutambua mara moja kwa nini ilikuwa vigumu kuiteka: majabali yake yamesimama wima, malango saba hufuatana njiani, na matangi ya maji yamechongwa ndani ya mwamba wenyewe. Karibu na mji kuna mapango ya Lenyadri, yaliyochongwa na Wabuddha yapata miaka 2,000 iliyopita. Katika mojawapo ya mapango hayo leo huabudiwa Ganesh, mungu wa Wahindu mwenye kichwa cha tembo. Huko Ozar, kando ya mto Kukadi, lipo hekalu jingine la Ganesh, na hapo huitwa Vighnahar, maana yake Mwondoa Vikwazo. Hata kiwanda cha sukari cha ushirika wa wakulima wa Junnar kimepewa jina hilo.

Kikwazo kikubwa cha wakulima hao ni maji. Mvua hunyesha kwa wingi tangu Juni hadi Septemba, kisha anga hukauka kwa miezi mingi. Chini ya udongo mweusi kuna jiwe gumu lililotokana na moto wa volkano zamani sana, na jiwe hilo halinywi maji ila katika nyufa zake. Serikali ya jimbo la Maharashtra ilijenga mabwawa kadhaa katika bonde la Kukadi, na wakulima wenyewe wamechimba visima katika mashamba yao. Kwa maji hayo hustawi vitunguu, nyanya, zabibu, na zaidi ya yote miwa. Mgeni atokaye Kakira au Kilombero angedhani yuko kwao, kwa jinsi miwa ilivyofunga pande zote za njia.

Maji ya kisima hayapandi yenyewe. Huvutwa na pampu za umeme, na hapo ndipo taabu ya usiku ilipoanzia. Umeme wa mashambani hautolewi mchana kutwa na usiku kucha. Kwa miaka mingi wakulima wa Maharashtra wamepewa umeme wa pampu kwa zamu: kipindi fulani mchana, kwa muda wa saa 8 hivi, na kipindi kingine usiku, kwa muda wa saa 10 hivi. Shirika la umeme lilipanga hivyo kwa sababu mchana umeme huhitajiwa mijini na viwandani, na usiku hubaki wa kutosha. Hesabu hiyo ilikuwa nzuri kwa mitambo, lakini ilikuwa ngumu kwa miguu ya mwanadamu. Zamu ya usiku ilipofika, mkulima alilazimika kuamka, kuwasha kurunzi, kushika fimbo na kutembea hadi kisimani, pengine mwendo wa kilomita moja au mbili, ili abonyeze swichi tu. Mara nyingine alifika akakuta umeme haupo. Akarudi nyumbani, akalala kidogo, akaenda tena.

Njia hiyo ya usiku ina wenyewe. Wa kwanza ni nyoka. India ina nyoka wanne wanaoogopwa kuliko wengine: fira, krait, na aina mbili za piri. Krait hutembea usiku, na jino lake huweza lisiumize hata aliyeumwa asijue mpaka sumu imekwisha kumlegeza. Watafiti walikadiria kwamba kati ya mwaka 2000 na 2019, watu wapatao 1,200,000 walikufa nchini India kwa kuumwa na nyoka, yaani wastani wa 58,000 kila mwaka, na wengi wao walikuwa watu wa vijijini.

Wa pili ni chui. Mabwawa yalipoleta maji, miwa ilienea. Na miwa ilipoenea, chui walipata msitu mpya. Miwa hukaa shambani mwaka mzima au zaidi, mirefu, iliyosongana, yenye kivuli. Na vijijini hawakosekani mbwa, mbuzi na nguruwe wa kuwinda. Chui wa Junnar huzaa humo humo, na mara nyingi wavunaji hukuta watoto wao katikati ya mashina. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashambulizi juu ya watu yaliongezeka mno, na jina la Junnar likajulikana kote India. Huko Manikdoh, karibu na mji, kuna kituo kinachotunza chui waliokamatwa. Basi fikiria hali ya mke na watoto waliobaki nyumbani, baba anapotoka usiku wa manane kwenda kuwasha pampu katikati ya miwa hiyo.

Katika mji wa Pune aliishi mhandisi aitwaye Santosh Ostwal, aliyeifahamu taabu hiyo tangu ujanani, kwa kumwona babu yake mkulima akihangaika kwenda na kurudi pampuni. Simu za mkononi ziliingia India mwaka 1995, na zilipofika vijijini, Ostwal alizitumia kutengeneza chombo cha kuwasha na kuzima pampu kutoka mbali. Akakiita Nano Ganesh, kwa jina la yule yule Mwondoa Vikwazo. Mwaka 2009 chombo hicho kilipata tuzo katika mashindano ya ubunifu yaliyoandaliwa na kampuni ya Nokia. Tangu hapo mafundi na viwanda vingine vimetengeneza vyombo vya namna hiyo kwa wingi, na leo huuzwa katika maduka ya pampu.

Kazi ya chombo hicho si muujiza. Ni kisanduku kilichofungwa kando ya swichi ya pampu, na ndani yake mna kadi ya simu kama ile iliyomo katika simu ya mkononi. Mkulima akiwa kitandani mwake hupiga nambari ya kadi hiyo. Chombo hutazama kwanza nambari ya mpigaji. Isipokuwa miongoni mwa zile zilizoandikishwa, hakimtii. Ikiwa imo, chombo hupokea, nacho humjulisha kwa milio maalumu kama umeme upo au haupo, na kama mota inazunguka au imesimama. Mkulima hubonyeza tarakimu ya kuwasha. Hapo umeme mdogo hupita katika koili ya kifaa kiitwacho rilei. Koili hugeuka sumaku, huvuta kipande cha chuma, na kipande hicho huunganisha njia ya swichi kubwa zaidi, ambayo ndiyo ipelekayo umeme wa fezi tatu, volti 415, hadi kwenye mota. Ni kama amri ya jeshini: neno la ofisa ni fupi, sajini hulipokea, na kikosi kizima huondoka.

Faida yake ilionekana kwanza nyumbani. Mzee asiyeweza tena kutembea gizani aliweza kumwagilia shamba lake. Mama aliyeachiwa shamba na mume afanyaye kazi mjini hakulazimika kumwamsha jirani. Na mkulima aliyetaka kujua kama umeme umefika aliuliza kwa simu, badala ya kuuliza kwa miguu.

Hata hivyo, wakulima wenye busara hawasemi kwamba taabu imekwisha. Chombo huwasha pampu, lakini hakishiki jembe. Mahali ambapo maji hupita katika mifereji ya udongo, sharti mtu awepo shambani kufungua mfereji huu na kuziba ule; akikosekana, tuta moja huzama na jingine hukauka. Kwa hiyo simu humpunguzia mkulima safari za bure, wala haimwondolei zamu ya usiku. Aliyeepukana na usiku kweli ni yule aliyetandaza mabomba ya kudondosha maji tone kwa tone kwenye mashina, kwa kuwa mabomba hayo hayahitaji mtu wa kuyageuza gizani.

Tena chombo hakina macho. Bomba likipasuka, maji humwagika huku mwenyewe amelala akiamini shamba linanyweshwa. Kisima kikikauka, mota huzunguka kavu mpaka iungue, isipokuwa chombo kiwe na kinga ya kuikata. Hatari kubwa kuliko zote ni ya uhai. Fundi anaweza kuwa ameinama juu ya pampu, mikono yake imeshika nyaya, na wakati huo huo mtu wa nyumbani, asiye na habari, akapiga simu ya kuwasha. Kwa sababu hiyo sheria ya kwanza kwa kila mwenye swichi ya mbali ni moja: kabla ya kugusa pampu, zima swichi kuu kwa mkono, ifunge kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwa yule anayefanya kazi. Haitoshi kuagiza kwamba mtu asipige. Agizo huweza kusahauliwa, lakini kufuli halisahau. Sheria ya pili ni kuandikisha nambari chache tu, na kuifuta ya mtu aliyeondoka shambani, kama mtu anyang'anyavyo funguo za nyumba kwa mtumishi aliyeacha kazi.

Liko pia jambo la kisima chenyewe. Hapo zamani uchovu wa njia ulikuwa kama mlinzi wa maji: mtu hakwenda kuwasha pampu ila kwa haja. Sasa kidole kimoja chatosha. Isitoshe, tangu Aprili 2024 serikali ya Maharashtra imewapa umeme bure wakulima wenye pampu zisizozidi nguvu za farasi 7.5. Jambo hilo limewapunguzia mzigo, lakini limeondoa sababu moja ya kuzima mapema. India huvuta maji ya chini ya ardhi kuliko nchi nyingine yoyote duniani, na jiwe la Junnar, kama ilivyosemwa, halihifadhi mengi. Chombo kile kile kiwezacho kuwasha kinaweza pia kuzima kwa saa iliyopangwa, na mkulima mwangalifu huzima maji yanapotosha, kabla umeme haujakatika. Tofauti ya wakulima hao wawili haimo katika kisanduku.

Mashariki ya Narayangaon, katika kijiji cha Khodad na viunga vyake, zimesimama antena 30 za chuma, kila moja yenye upana wa mita 45, zilizowekwa na wanasayansi wa India kusikiliza mawimbi ya redio yatokayo kwenye nyota. Si mbali na hapo, vijisanduku vidogo kando ya visima husikiliza simu za wakulima. Vyote viwili ni fahari ya bonde hili. Lakini ukiwauliza watu wa Junnar wataka nini zaidi, jibu lao lililosikika katika mikutano na maandamano ya miaka mingi halihusu simu wala nyota. Wanataka umeme wa mchana.

Dai hilo limeanza kusikilizwa. Mwaka 2017 jimbo la Maharashtra lilianzisha mpango wa kujenga vituo vya umeme wa jua karibu na mashamba, ili pampu zipate nguvu jua linapowaka, na mwaka 2023 mpango huo ulipanuliwa. Kijiji kinachofikiwa na mpango huo humwagilia mashamba yake mchana, macho yakiona mahali mguu unapokanyaga. Vijiji vingine bado hungoja zamu. Huko, usiku unapoingia, simu huwekwa karibu na mto wa kulalia, na kando ya mlango huwekwa kurunzi, fimbo na jozi ya viatu virefu vya mpira, maana pampu ikiisha kuitika, bado mtu atahitajika kwenda kugeuza mfereji.