Arusha: Sweta Moja, Watu Wawili

Mtoto wa Dar, usidanganywe na ramani! Arusha iko karibu na Ikweta, sawa, lakini imekaa kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Meru, volkano yenye zaidi ya mita 4,500 iliyolipuka mara ya mwisho mwaka 1910. Juni hadi Agosti baridi yake haina mchezo.

Mimi na mume wangu tulifika Julai tukiwa tumenuniana, na sweta moja kati yetu. Siku ya pili tukaelekea Oldonyosambu, kaskazini. Migomba ikaisha, vumbi likaanza. Dereva akatueleza: upepo wa baharini humwaga mvua yake kusini mwa mlima, huku nyuma unafika mkavu. Mlima ni huohuo. Nikamtazama mwenzangu. Kumbe kila mmoja alikuwa analalamika kutoka upande wake!

Usiku ule akanivisha lile sweta.

Mkienda, kwepeni masika ya Machi hadi Mei. Na bebeni sweta mbili. Kama mmenuniana, moja inatosha.