Poda na Mtu wa Bati

Mama, wanao wakiangalia The Wizard of Oz, ile filamu ya 1939 yenye rangi tele, mtazame yule mtu wa bati. Aliyeanza kumwigiza, Buddy Ebsen, alipakwa unga wa alumini. Ukaingia mapafuni, akashindwa kupumua, akalazwa. Aliyemrithi alipakwa alumini iliyokorogwa ikawa nzito, isiruke.

Huwa namkumbuka nikipokea kichanga kimejaa poda usoni hadi shingoni. Jamani, poda inaruka, na mtoto anaivuta! Akishaoga, mkaushe vizuri kwenye mikunjo kwa kitambaa laini. Inatosha. Ukiona anapumua harakaharaka au kifua kinabonyea ndani, usingoje kukuche, mlete hospitali.

Na bibi anayemwogesha, mwambie taratibu. Yeye anapaka kwa upendo.