Kilo 250 mchangani

Nilikuwa barabarani, na safari hii si na Boxer yangu ya cc 100. Nimenunua BMW R 1200 RT ya mtumba.

Lami haikunipa shida. Daraja la Mkapa, Somanga, Nangurukuru, Mingoyo. Mashine imetulia kama basi. Kumbe mtihani ulikuwa mbele. Nilipoacha lami kwenda Nyangamara kumsalimia bibi, tairi la mbele likazama mchangani. Boxer ningeizuia kwa mguu. Hii, zaidi ya kilo 250 ikiwa na mafuta, ikalala, na mguu wangu chini yake.

Vijana wawili wa bodaboda wakaninasua. Mfupa mzima, aibu tele.

Bibi aliponiona nachechemea akauliza: "Mume wangu, hicho chuma kikikulalia porini, nani atakunyanyua?"

Sikuwa na jibu. Leseni ya daraja A ninayo, ila haikunifundisha hilo. Basi sirudi Dar kabla sijaweza kuiinua peke yangu: usukani nimeukunja, mgongo nimeupa kiti, nguvu zitoke miguuni, si kiunoni. Jana nimeshindwa mara tatu. Leo najaribu tena, bibi akitazama barazani.